Nusu ya Tuta

Wapendwa, leo naomba mnifuate mjini, kwenye mtaa ambao nyumba zimebanana mpaka jirani akikaanga vitunguu, wewe uliyelala ndani unapiga chafya. Katika mtaa huo aliishi mama mmoja, fundi cherehani. Cherehani aliiweka chini ya dirisha apate mwanga, lakini dirisha lenyewe halikufunguliwa mwaka mzima. Kwa nini? Kwa sababu upande wa pili wa dirisha kulikuwa na kiwanja.

Zamani palikuwa na nyumba pale. Mwenye nyumba akafa, watoto wakagombania urithi, nyumba ikabaki bila mtu, mabati yakaibiwa moja baada ya jingine, kuta zikaanguka. Mnajua mji unavyopafanya mahali pasipo na mwenyewe. Mmoja alitupa godoro bovu. Mwingine alipoliona godoro akatupa pampasi. Zikaja chupa, yakaja matairi, akaja mbwa aliyegongwa na gari. Na jirani mmoja aliyekuwa na biashara ya kuku wa kuchinja, kila jioni alibeba ndoo ya manyoya na matumbo, akaimwaga palepale, akarudi zake anapiga mluzi.

Mwaka mmoja mvua zilizidi. Maji yakapita katikati ya uchafu ule, yakateremka mpaka kwenye kisima cha mtaa, na kipindupindu kikaingia. Kilimchukua mdogo wake yule mama, binti aliyeishi naye na kumsaidia kushona vifungo. Asubuhi alikuwa anashona vifungo vya shati la sare ya shule. Kesho yake walimzika.

Hakuna aliyesimama hadharani kusema ugonjwa ulitoka wapi. Lakini mama fundi aliujua mteremko wa maji yale, maana aliutazama kila siku kupitia kioo.

Matanga yalipokwisha, watu walidhani atahama. Hakuhama. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wakawatafuta wale warithi, na warithi ambao hawakuwahi kukubaliana hata jambo moja wakakubaliana hili: watu walime pale mpaka ugomvi wao utakapokwisha. Akarudi na reki ya kuazima, akaanza na kona iliyo karibu na dirisha lake.

Jioni ile ile mchinja kuku akaja na ndoo.

"Mama fundi, unatafuta nini humo?"

"Nasafisha, kaka. Nakuomba, kuanzia leo usimwage hapa."

"Hapa ni jalala tangu nimehamia. Nani kakupa umeneja wa jalala?"

Na akaimwaga ndoo. Aliimwaga karibu kabisa, matumbo yakamfika yule mama miguuni.

Ninyi mngefanya nini? Msinijibu upesi, hapa tuko kanisani na kila mtu ni mpole. Mama fundi alisimama pale, mdomo umemjaa maneno ambayo mimi siwezi kuyatamka nikiwa nimevaa joho hili. Halafu akachukua jembe, akachimba shimo, akayafukia. Kesho jioni ndoo ikaja tena. Akafukia tena. Na keshokutwa vilevile.

Wa kwanza kumwonea uchungu alikuwa kijana wa mkokoteni, akaja kubeba matairi. Kisha akaja askari mstaafu mwenye panga lake. Kisha wakaja wanawake wa nyumba za nyuma, watoto mgongoni. Waliokota vioo mpaka viganja vikachanika. Walibomoa kilichobaki cha kuta, wakayapanga matofali kuwa kingo za matuta. Udongo ulipoonekana, wapendwa, ulikuwa mweusi kama masizi ya sufuria, na yule mzee askari akachuchumaa akaushika. Ilikuwa miaka mingi tangu ashike udongo wa kulima.

Wakapanda mchicha, chainizi, matembele, nyanya chungu. Kila mwenye kufanya kazi akapata tuta lake, na kumwagilia kukawa kwa zamu. Watu waliokaa mlango kwa mlango bila kujuana majina wakaanza kuitana kuchukua mbegu. Wazee wakapata mahali pa kukaa jioni. Na siku moja mama fundi akaweka mkasi chini, akalishika lile dirisha, akalisukuma. Liligoma kwanza, bawaba zilishika kutu. Likafunguka, ukaingia upepo wenye harufu ya majani yaliyotoka kumwagiliwa. Alilia pale penye cherehani, na wateja wakamwacha alie.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa habari njema. Lakini maisha hayakuishia hapo.

Mdondo uliingia katika banda la yule mchinja kuku. Kuku wote wakafa, kuanzia kifaranga mpaka jogoo. Mke wake alikuwa amejifungua mapacha kwa upasuaji na maziwa yalikuwa yamekatika. Jumamosi moja alasiri, wenye bustani wakiwa wamekaa kikao chao, walimwona anakuja. Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu.

"Naomba tuta," akasema. "Hata dogo."

Yule askari mstaafu akamtazama kuanzia miguuni. "Wewe? Wewe uliyetumwagia matumbo?"

"Mimi."

"Matuta yamekwisha," akasema mama mmoja, "na hata yangekuwepo, hapa anakula aliyelima."

Watu wakaitikia. Kisha, mmoja mmoja, wakageuka kumtazama mama fundi.

Alijua wanasubiri neno lake. Alijua pia kwamba akisema hapana, hakuna mtu duniani atakayemlaumu. Akasema, "Nipeni mpaka Jumamosi ijayo," akaondoka.

Wiki ile alishona vibaya. Alishona mkono wa gauni upande usio wake, akafumua, akashona, akafumua. Alimwona mdogo wake akiomba maji kwa midomo iliyokauka. Alimsikia yule bwana akipiga mluzi. Aliomba pia, ndiyo, aliomba sana. Msidhani alisikia sauti kutoka mbinguni. Hakusikia kitu. Alichosikia ni wale mapacha, maana sasa dirisha lilikuwa wazi, na watoto wenye njaa hulia kwa namna yao.

Jumamosi akaenda kikaoni. Akasema, "Tuta langu ni refu. Achukue nusu."

Askari mstaafu akashangaa. "Kwa hiyo umemsamehe?"

"Bado," akasema mama fundi. "Lakini watoto wake wana njaa leo. Hawawezi kusubiri mpaka mimi nimalize kusamehe."

Wapendwa, nimehubiri miaka mingi kuhusu msamaha. Sijawahi kusema neno zito kama hilo.

Yule bwana akaanza kulima. Hakutoa hotuba wala hakupiga magoti. Alilima, mama fundi naye akalima, kila mmoja kwenye nusu yake, migongo imegeukiana. Watu wakapita wakaona tuta moja lina watu wawili wasiosemezana. Mchicha ukaota, wakachuma, wakapanda tena.

Asubuhi moja, akiwa ameinama anang'oa magugu, yule bwana akauliza bila kuinua uso:

"Mama fundi, mdogo wako aliitwa nani?"

Mama fundi akaacha kupalilia. Tangu mazishi hakuna mtu aliyemuuliza. Watu walisema "marehemu", walisema "yule binti", walisema "pole".

"Aliitwa Atupele," akasema.

"Atupele," yule bwana akarudia. Akaketi palepale kwenye udongo. "Nilijua maji yanakoelekea, mama. Nilikuwa nayaona. Nilikuwa nasema, si mimi peke yangu ninayetupa."

Mama fundi akaendelea kupalilia, akafika mwisho wa nusu yake, akavuka akaingia kwenye nusu ya yule bwana, akapalilia na huko mpaka alipokuwa amekaa. Akamwambia, "Sogea kidogo, kaka, umekalia miche." Hapo ndipo kazi ya kusamehe aliyoianza na "bado" ilipokwisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nimebakiza kidogo.

Kiangazi kilichofuata mtu aliiba mpira wa kumwagilia. Akajulikana. Alikuwa mwanamke mmoja mpangaji, mume kamkimbia, mimba kubwa. Mpira alikuwa ameshauuza. Baada ya muda njaa ikamleta kikaoni kuomba mahali pa kupanda. Askari mstaafu akasema, "Tusipoteze muda. Wanaokataa wanyooshe mikono."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa nani?

Mmeshajua. Ulikuwa wa mchinja kuku. Ulipanda upesi, kabla ya mikono mingine yote, na ulikuwa mkono wenye udongo wa tuta alilopewa.

Mama fundi aligeuka. Alimtazama tu. Na yule bwana akautazama mkono wake ukiwa juu kama anautazama mkono wa mtu mwingine. Akaushusha taratibu, akauweka kwenye paja, akaufunika kwa mkono wa pili. Akasema kwa sauti ndogo, "Nusu yangu inatosha watu wawili. Aje."

Basi, wapendwa, nilipokuwa nasimulia niliwaona. Mlikuwa mnatikisa vichwa, mmempenda mama fundi, na mna haki ya kumpenda. Ila kila mmoja wetu alikuwa ameshajipatia nafasi katika hadithi hii, na nafasi aliyochukua ni ya mama fundi. Tuiache. Si yetu. Sisi tuliingia katika bustani hii mikono mitupu. Udongo tuliukuta umeshasafishwa, na mwenye kuusafisha alichanika viganja. Tukapewa nusu ya tuta ambalo hatukulistahili, tukala, tukashiba, tukaota mashavu. Tukaanza kuhudhuria vikao.

Na katika vikao vyetu sisi, binti akipata mimba kabla ya ndoa, mkono wa nani hupanda kwanza? Kijana akitoka gerezani akaketi benchi la nyuma, nani humsogelea, na nani husogea? Jirani uliyegombana naye kuhusu mpaka wa uzio akifiwa, utapeleka chakula, au unasubiri kwanza moyo uwe sawa?

Moyo utakuja. Mama fundi moyo wake ulichelewa, ulimkuta shambani akiwa ameshika jembe. Wewe peleka chakula leo.

Na huo mkono ulionyoosha juu ya mtu fulani, unamjua wewe na Mungu anamjua, mkono ambao umeuinua siku nyingi mpaka umesahau kwamba umechoka: ushushe, mpendwa. Ushushe sasa hivi, hapo ulipokaa.