Mwendo wa Mbaruku

Mashamba ya mkonge yaliyokuwa kati ya Handeni na Korogwe, zama za utawala wa Waingereza, yalikuwa na ukimya wa namna yake. Mtu aliyezoea pori la ndege na nyani alipofika pale alihisi nywele zikimsimama. Mistari ya mkonge ilinyooka mbele yake kama safu za askari waliochomoa majambia, kila mmoja sawa na mwenziwe, na upepo ulipopita haukutikisa jani. Juu ya majani hayo ilisimama milingoti mirefu, mikavu, kama vidole vya watu waliozikwa wima. Kando ya kambi ya manamba, vibarua wa mkonge, palikuwa na shimo kubwa lililotupiwa makapi ya mkonge kutoka mashineni, likinuka usiku na mchana. Watoto walikatazwa kulisogelea. Kwa juu makapi yale yalikuwa laini kama godoro, lakini aliyekanyaga hakujua angefika wapi.

Kambini humo aliishi Mwatumu, mwanamke wa Kizigua, mchache wa maneno na mwepesi wa jicho. Mumewe, Mbaruku, alikuwa mkataji wa mkonge. Asubuhi ya Jumatano moja Mbaruku aliondoka na kisu chake begani, huku akitetemeka kwa homa, wala hakurudi. Siku ikapita, juma likapita, mwezi ukapita. Mnyapara wa kambi, aliyeitwa Yordani, akatangaza mbele ya watu kwamba Mbaruku ametoroka kazi, amekwenda Mkata kwa mwanamke muuza mihogo.

"Msimtafute," alisema akicheka. "Aliyefuata mhogo hurudi mhogo ukiisha."

Maneno hayo yakaenea kama moto wa kiangazi. Mwatumu alipokwenda kuchota maji, wanawake walinyamaza. Alipogeuza kisogo, walicheka.

Lakini kilichomla moyo hakikuwa kicheko. Mwezi wa tatu ulipoandama, alijitanda kanga zake akaenda kwa miguu hadi Korogwe ya Zamani, kwa Mwalimu Mhina aliyekuwa akisomesha Kurani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kuomba mume wangu asomewe hitima, nami nikae eda."

Mwalimu akamtazama. "Umeiona maiti?"

"Sijaiona."

"Yuko aliyeiona?"

"Hakuna. Lakini namjua Mbaruku, mwalimu. Ana koti lake moja, hata chooni alikwenda nalo. Siku ile alilikosa kwa sababu nilikuwa nimelifua, halijakauka. Mwanamume anayehamia kwa mwanamke mwingine angeliacha koti kambani?"

"Koti si shahidi, mwanangu. Aliye hai hasomewi hitima, wala mke wa mtu hakai eda. Subiri."

"Nisubiri mpaka lini?"

Mwatumu akarudi kambini akijiona kama mlango uliong'oka bawaba, haufungi wala haufungui. Mke si mke, mjane si mjane. Na kama mumewe alikuwa amekufa, basi alikuwa amelala mahali bila sanda, bila dua, na hapana hata mmoja aliyemlilia.

Katika kambi ile alikuwako Mnyamwezi mmoja jina lake Sadala, ambaye alikuwa mtani wa Wazigua wote. Sadala alikuwa msemaji kama kasuku, lakini sifa yake kubwa ilikuwa katika jambo alilolifanya bila kusema. Mtu alipofariki kambini, siku ya kuanua matanga Sadala alivaa nguo za marehemu na kuuigiza mwendo wake mbele ya waombolezaji. Hakutamka neno. Aliinua bega, akakokota mguu, akakuna kidevu, na watu wakalia kwa kucheka na kucheka kwa kulia, maana marehemu alikuwa amesimama mbele yao kwa mara ya mwisho. Sanaa hiyo aliirithi kwa babu yake, mpagazi wa misafara iliyokuwa ikiteremka Pangani. Wapagazi walikufa njiani, nao wenzao hawakuweza kuwabeba hadi kwao. Basi mtani alijifunza mwendo wa marehemu, akaupeleka kwa ndugu zake.

Mwatumu alimkuta Sadala nyuma ya kibanda chake akisuka kamba.

"Mtumwa wangu!" Sadala akapaza sauti. "Nani kakuruhusu kuingia uani kwa bwana wako?"

"Mtumwa ni babu yako aliyebeba pembe hadi Pangani akalipwa shanga," Mwatumu akajibu, lakini hakutabasamu. Akafungua kanga, akatoa koti.

Sadala akaitupa kamba kama aliyeshika nyoka. "Lirudishe!"

"Nataka ulivae Jumapili, mtani. Umchezee Mbaruku."

"Mwatumu, unajua unalolisema? Koti la aliye hai halivaliwi na mtani. Ukinivisha mimi, umemzika. Na kama yuko Mkata anakula mihogo yake, utakuwa umemzika mtu anayepumua. Laana hiyo itakwenda kwa nani?"

"Itakuja kwangu."

"Na kwangu je?"

Mwatumu akaketi chini, koti mapajani. "Nimeswali siku saba nikimwomba Mungu anionyeshe. Kila nikiinuka kwenye msala, moyo wangu unaniambia neno moja tu: mzike. Mimi naogopa, Sadala. Lakini naogopa zaidi kumwacha huko aliko."

Sadala akanyoosha mkono, akalipokea koti. "Basi shika neno hili. Mwenye msiba hatazami koti. Hutazama watu, ajue nani alimpenda marehemu na nani hakumpenda. Usinitazame mimi hata kidogo."

Jumapili ikafika. Saa nane mchana jua lilikuwa jeupe, na vivuli vimejikunja miguuni mwa watu. Ngoma za kila Jumapili zilikuwa zimepamba moto uwanjani. Yordani mnyapara aliketi mbele kwenye kiti chake, mguu juu ya mguu. Ghafla mpiga ngoma mmoja akaacha kupiga, kisha mwenzake, kisha wote.

Sadala alikuwa akija kutoka upande wa vibanda, amevaa koti la Mbaruku.

"Hee! Mtoro wetu karudi!" Yordani akapiga kofi gotini. "Vipi, Mkata mihogo imeoza?"

Vijana wachache wakacheka naye. Wazee hawakucheka. Yordani hakuwa mtu wa kukaa matanga. Kila palipokuwa na msiba alitoa pole mlangoni na kwenda zake, kwa hiyo aliudhani mchezo ule ni wa kumkejeli mtoro. Bibi mmoja, jina lake Mwaija, aliyejua maana ya koti lile, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mbaruku amekufa?" akanong'ona.

Sadala alipita katikati yao. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, kama alivyokuwa Mbaruku. Mguu wa kushoto ulichota vumbi, kama ulivyochota wa Mbaruku. Mwatumu akainamisha macho asimwone, na ndipo alipoziona nyayo. Mbaruku aliliwa na funza utotoni akapoteza kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Sadala alikuwa na vidole vyake vyote kumi. Lakini unyayo uliobaki vumbini mbele ya Mwatumu ulikuwa na vidole vinne. Akasema "Bismillahi" kimoyomoyo, lakini hakuondoka.

Sadala akaanza kukata mkonge usiokuwapo. Aliinama, akashika jani, akakata, akaondoa mwiba, akaweka. Aliinama tena. Watu walisikia, au walidhani wamesikia, mlio wa kisu. Kisha akatetemeka, akaketi chini, akajikunyata kama mwenye homa. Baadaye akainua uso taratibu, akatazama juu, kama anayemtazama mtu aliyemsimamia. Mbele yake hapakuwa na mtu. Hata hivyo, watu wote walitazama pale alipopatazama, na waliokuwa karibu wakarudi nyuma hatua moja.

Mwatumu akakumbuka alichoagizwa. Akawatazama watu.

Macho yote yalikuwa juu ya Sadala. Sadala alipogusa paji lake la uso kuonyesha homa, macho yaliufuata mkono. Alipopiga magoti na kukunjua viganja akiomba, macho yalishuka naye. Isipokuwa macho mawili. Macho ya Yordani yalikuwa yakimtangulia Sadala. Sadala angali magotini, Yordani alikuwa amekwisha kutazama chini, mahali ambapo Sadala hajafika bado. Mguu wake ulikuwa umeteremka kutoka juu ya mwenziwe, na jasho lilimtiririka kama mtu aliyenyeshewa.

Sadala akajikinga kichwa kwa mikono. Akaanguka kifudifudi, puu, vumbi likaruka.

Hakuinuka.

Watu walingoja. Hapana aliyekohoa, wala mtoto aliyelia. Nzi akatua kwenye koti, akatembea mgongoni, akaruka. Kimya kikawa kizito kama jiwe la kusagia, na kila pumzi kilizidi uzito. Mwatumu alitamani kupiga kelele, akauma kanga yake kwa meno.

Aliyeshindwa kukibeba alikuwa Yordani. Aliruka kutoka kitini, kiti kikaanguka nyuma.

"Uongo!" alipiga ukelele. "Uongo huo! Hakuanguka kifudifudi, alianguka chali! Nilimpiga fimbo moja tu, kichwa kikagonga reli ya kiberenge cha mkonge, mimi sikukusudia..."

Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Mwatumu akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja mzima uliisikia. "Na kutoka relini ulimpeleka wapi, mnyapara?"

Alikuwa akiyatazama macho ya Yordani tu. Macho yale yakavuka vichwa vya watu, yakavuka paa za vibanda, yakatua kwenye shimo la makapi ya mkonge. Yordani alipogundua yalikotua, akayafumba. Lakini wanaume walikwisha kuchukua majembe.

Kabla ya Magharibi walimpata Mbaruku, kisu chake kikiwa ubavuni mwake. Mwalimu Mhina aliitwa. Mbaruku akavikwa sanda, akaswaliwa, akazikwa akielekea kibla. Mwatumu alilia siku hiyo kwa sauti kubwa, kilio cha miezi mitatu, na wanawake waliokuwa wakimcheka wakamshika mikono wakilia naye. Kesho yake akaingia eda, mjane miongoni mwa wajane.

Sadala alilala homa siku mbili. Alipopata nafuu, alimwambia Mwatumu kupitia pazia la mlango: "Mtani, mimi nilikusudia kutembea tu, nizunguke uwanja nirudi. Kukata, kupiga magoti na kuanguka, sikukupanga. Miguu ilikwenda yenyewe."

"Mungu ndiye ajuaye," Mwatumu akasema kutoka ndani. "Usiulize zaidi."

Yordani alipelekwa bomani Korogwe. Siku ya kesi Sadala aliitwa kuwa shahidi. Bwana hakimu, Mwingereza mwenye miwani, akamuuliza kwa kinywa cha mkalimani ni maneno gani aliyomwambia mshitakiwa hata akaungama mbele ya watu wote.

"Sikumwambia neno, bwana," Sadala akajibu.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Hakimu akavua miwani, akamtazama Yordani aliyeinamisha kichwa kizimbani, kisha akamwashiria karani aandike hivyo hivyo. Karani akaandika kwamba shahidi hakusema neno lolote. Na kwa neno hilo lisilosemwa, mfu alipata kaburi, mjane akapata eda yake, na mwuaji akapata hukumu. Ama kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.