Taa Nyekundu ya Melania

Taa ya nyuma haimmulikii dereva.

Mliisikia jana mkutanoni, pale Mzee Kyando alipokataa kuchimba mtaro wa maji kwa kuwa, alisema, mpaka maji yafike kijijini yeye atakuwa kaburini. Mwenyekiti hakumgombeza. Alimtajia maneno hayo tu, na leo alfajiri mzee akaonekana na jembe begani. Sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Mimi sikuisoma popote wala sikusimuliwa. Nilikuwepo ilipozaliwa, na sehemu yangu ndani yake si ya kujivunia. Vuteni vigoda, niwaeleze ilivyoanza.

Wakati ule barabara ya kushuka kutoka Igolilo haikuwa na lami wala kingo. Ilikuwa utepe wa udongo mwekundu uliobandikwa ubavuni mwa mlima. Kushoto kwako jabali, kulia kwako hewa tupu mpaka mtoni. Na ukungu wa huku kwetu mnaujua. Hauji kwa kishindo kama mvua. Unaingia kama mgeni asiyebisha hodi, unakaa, na ukija kushtuka huoni hata mkono wako mwenyewe.

Palikuwa na mtu akiitwa Enea Tweve, mwenye Landrova ya kubebea viazi. Asubuhi moja ya ukungu alisimama katikati ya mteremko ule ili aondoe jiwe lililoporomoka njiani. Nyuma yake likaja lori. Dereva wa lori hakuona kitu mpaka aliposikia bati likigongana na bati. Enea alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Dereva yule nilikuwa mimi.

Sikuwa nimelewa, wala sikuwa nakimbia. Polisi walipima, wazee wakakaa, wote wakasema ni ukungu. Nilishika chepe kaburini pamoja na wanaume wengine. Lakini macho ya mjane wake, Melania, sikuthubutu kuyatazama. Mwaka mzima, nikimwona sokoni nilipinda njia nyingine. Salamu yenyewe ilinishinda.

Melania alibaki na binti mmoja mdogo, Faraja, na ile Landrova iliyobonyea nyuma. Watu walidhani ataiuza. Hakuiuza. Mumewe alikuwa amemfundisha kuendesha, na baba yake alikuwa fundi wa redio, kwa hiyo waya hazikumtisha tangu utotoni. Akaanza kubeba viazi mwenyewe.

Lakini kabla ya safari ya kwanza alitaka kufunga taa moja ya ziada. Habari hii nilipewa na Luvanda, fundi magari aliyekuwa jirani yake. Anasema alimkuta uani amelala chali chini ya gari, kando yake kuna taa kubwa nyekundu iliyong'olewa kwenye trekta bovu la shamba la pareto.

"Mama Faraja, unafunga nini huko?" Luvanda akamwuliza.

"Taa."

"Nyuma? Taa ya ziada hufungwa mbele, dada yangu. Mbele ndiko unakokwenda."

"Mbele nina macho," Melania akajibu, akaendelea kukaza nati.

Luvanda alicheka, na kicheko chake kikazunguka kijiji kizima. Ila hata yeye alikiri kwamba kazi ilikuwa safi. Siku ya kwanza Melania aliunganisha taa moja kwa moja na betri, na waya ukaungua. Ua wote ukanuka mpira. Akakaa chini akatafakari. Siku ya pili akaweka fyuzi karibu na betri na swichi chini ya usukani. Akausukuma waya mpya chini ya gari, mbali na bomba la moshi, akaufunga kwa vipande vya mpira kila hatua. Pale ulipopenya kwenye bati alitoboa tundu kwa keekee, akalivisha kipande cha kandambili ili makali ya bati yasiule waya. Mwisho akachukua msasa, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga hapo waya wa pili, wa kurudisha umeme. Akabonyeza swichi. Uani kukawa kwekundu. Kuku, miguu ya Faraja, mpaka nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Luvanda anasema Melania aliitazama taa ile kwa muda mrefu, kisha akaizima akaenda kuosha mikono.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Kulikuwa na harusi bondeni, ng'ambo ya mto, nami nikapewa kazi ya kuwapeleka wanakwaya. Walipanda nyuma ya lori watu ishirini na wanane, Luvanda akiwa mmoja wao, maana aliimba besi. Tuliondoka saa tatu jua likiwaka, mlima ukimetameta kwa umande. Waliimba tangu tulipowasha injini. Nyuma yetu zilifuata gari mbili za wageni.

Tulipofika katikati ya mteremko, jua likafifia kama jicho linalosinzia. Ukungu ukatoka bondeni, ukapanda taratibu, ukatumeza.

Niliwasha taa kubwa. Ukungu ukanirudishia mwanga usoni, mweupe kama maziwa, nikaona kidogo kuliko mwanzo. Kusimama sikuthubutu: udongo ulikuwa na utelezi, na nyuma yangu palikuwa na gari mbili ambazo hazikuniona, kama mimi nilivyoshindwa kumwona Enea siku ile. Kwaya ikanyamaza. Ulimwengu wote ulikuwa mngurumo wa injini na weupe. Sikujua kama tunasonga au tumesimama. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, lakini niliiona kama ya mtu mwingine.

Huko nyuma mama mmoja akaanza kuimba peke yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Wengine wakaipokea bila maneno, kwa kuguna tu.

Ndipo nikaona wekundu.

Ulikuwa mbele yangu, mdogo, kama kaa la moto lililobebwa na mtu atembeaye. Nikausogelea. Haukukimbia wala haukunisubiri, ulikwenda. Ghafla ukazimika, ukawaka, ukazimika, ukawaka tena. Nikapunguza mwendo bila kujua kwa nini, na mara wekundu ukapinda kushoto. Nikapinda nao. Dirishani kulia kwangu nikasikia mto ukinguruma chini kabisa, mahali ambapo ningeelekea kama ningekwenda moja kwa moja.

Basi hivyo ndivyo tulivyoshuka. Mara mbili ikizimika, kona. Ikitulia, njia imenyooka. Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa macho, lakini nilikuwa kama ndotoni, na katika ndoto hiyo nilimwona Enea akitembea mbele ya lori, mkononi ana kijinga cha moto, hageuki nyuma. Sikumwogopa. Nilichoogopa ni kuamka kabla hatujafika.

Ukungu uliishia darajani, kama pazia lililokatwa kwa mkasi. Jua likatumwagikia. Na mbele yangu, hatua kumi, ilisimama Landrova iliyobonyea nyuma, kwa bonyeo nililolitia mimi.

Nilizima injini. Nikashuka. Melania alikuwa ameshatoka garini, anakagua magunia ya viazi aliyokuwa akiyapeleka harusini. Wanakwaya wakashuka. Gari mbili za nyuma nazo zikatokeza kwenye ukungu, moja baada ya nyingine, nzima.

Luvanda ndiye aliyetangulia, kwa salamu ya kwetu. "Kamwene, Mama Faraja."

"Kamwene."

"Nilikucheka. Nilisema taa ile haitakusaidia kitu."

"Ulisema kweli," Melania akajibu. "Taa ya nyuma haimmulikii dereva. Mimi nimeshuka gizani kama nyinyi, nikihesabu kona kwa mlio wa maji."

Hapo nikasogea. Nilivua kofia. "Mama Faraja," nikasema, "ulijua ni nani aliye nyuma yako?"

Akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza tangu msiba.

"Mlio wa lori lako ninaujua, Ndelwa. Ninaujua hata usingizini."

"Sasa kwa nini hukukimbia?"

Alipangusa vumbi ambalo halikuwepo kwenye gunia.

"Nilikimbia," akasema. "Nilipokusikia tu, nilikanyaga mafuta. Nikakuacha hatua nyingi. Kisha nikasikia watu wako wakiimba. Nikajiuliza, nikiondoka na taa yangu, hawa watafuata nini? Nikarudisha mguu."

Nilikuwa nimebeba maneno mwaka mzima. Nililoweza kutoa lilikuwa moja tu. "Nisamehe."

"Mwaka jana nilikuwa na mengi ya kukwambia," Melania akasema. "Nilikuwa nikiyapanga kila jioni. Leo nimeyatafuta njia nzima, siyaoni." Akafunga mlango wa nyuma wa Landrova. "Twendeni. Bibi harusi anangoja."

Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza tena. Lakini Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwake na taa nyekundu niliyoitafuta mpaka nikaipata, nikasimama uani kwake kama mwanafunzi. Hakunikaribisha chai siku hiyo. Alichukua keekee, akaingia chini ya lori langu, lori lile lile, akafunga taa kwa mikono yake mwenyewe, huku mimi nikimpa spana. Alipomaliza alisema, "Kabla ya kona, mara mbili," akaingia ndani.

Mwaka huo haukuisha kabla kila gari la mteremko ule halijafungwa taa nyekundu nyuma. Madereva waliifunga wenyewe, kwa namna aliyowaonyesha Melania, na gari jipya likiletwa, wa zamani walimwambia mgeni maneno yale ya darajani. Kutoka kwa madereva yakaingia sokoni, yakaingia kanisani, mpaka wazazi wakawa wanawaambia watoto wao wanapopanda miti ambayo hawatakaa kivulini mwake.

Mimi nimeendesha miaka thelathini na taa ile. Katika miaka yote hiyo haikunionyesha jiwe wala kona hata moja, na kila palipotanda ukungu niliiwasha. Nani alikuwa nyuma yangu, mara nyingi sikujua. Waliofika salama ndio wanaoijua taa yangu.

Taa ya nyuma haimmulikii dereva.