Kopo Lililohama Mkobani

Kila asubuhi, mara alipomaliza kufagia ua wa nyumba yao ya Tibirinzi, Pemba, Khairat alimpelekea mama mkwe wake kikombe cha chai. Alikuwa akibisha mlango kwa ncha ya kidole, anausukuma, anamkuta Bi Zuweina juu ya msala na tasbihi mkononi. "Sabalkheri, mama." "Kheri, mwanangu. Ingia." Wakanywa pamoja, wakapanga cha kupika, wakacheka mawili matatu, na siku ikaanza. Tangu Khairat aolewe na Jawad, na hata baada ya Jawad kwenda Muscat kutafuta maisha, mlango ule haukuwahi kumkatalia.

Asubuhi ile ulikataa. Ulikuwa umekomewa kwa ndani.

Khairat alisimama na kisahani mkononi. Alisikia bati likigongana na bati, kama kifuniko kinachorudishwa kwa haraka, kisha kimya.

"Weka hapo hapo kizingitini, mwanangu," ilisema sauti ya Bi Zuweina, nyororo kupita kawaida. "Na usitie sukari."

"Sikutia, mama. Tangu Mfunguo Mosi hutaki sukari."

"Ee, meno haya. Nenda, naja."

Khairat aliweka kikombe, lakini hakwenda. Aliijua sauti ile ya bati. Katika nyumba nzima palikuwa na kopo moja tu lililolia vile: kopo kuukuu la biskuti lenye picha ya tausi, ambalo ndani yake zilihifadhiwa bangili za dhahabu za ukoo. Wiki ya harusi yake Bi Zuweina alimfunulia kopo hilo na kumwambia, "Dhahabu hii haitoki ndani ya nyumba hii ila kwa ajili ya bibi harusi." Khairat alizivaa siku moja, zikang'ara mkononi mwake mpaka jioni, kisha zikarudi zilikotoka. Ndiyo desturi ya nyumba ile. Sasa kopo linafunguliwa tena, kwa siri, nao wawili wamo katika kujitayarisha kwa safari ya Muscat kwa Jawad. Bibi harusi ni nani?

Shaka ni kama mchwa. Haianzi kwa kishindo. Huingia kimya kimya kwenye nguzo, na mwenye nyumba hustuka siku paa linapolala chini. Siku ya pili yake, Khairat akianika nguo nyuma ya dirisha la chumba kile, alimsikia Bi Zuweina akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini.

"Maisa, mwanangu, wewe nisubiri hapo uwanja wa ndege, Unguja. Kopo nitalibeba mkononi, halitoki mkononi mwangu. La, la! Khairat asijue. Akijua yeye atajua Jawad, na nia yangu yote itaharibika."

Nguo iliyomo mikononi mwa Khairat ilianguka mchangani. Maisa alikuwa binti wa kaka yake Bi Zuweina. Alikuwa akifanya kazi Unguja. Amesoma, ana umbo na ulimi, na hajaolewa. Khairat alimwona mara moja tu, siku ya harusi, akigawa pilau kwa mbwembwe huku Jawad akimtania. Wakati ule utani ule ulimchekesha. Sasa aliukumbuka na kuuona kama mwiba uliokuwa umelala ndani ya nyama siku zote. Binti wa mjomba! Ndiye anayefikiriwa mwanzo mtu akitaka kumposea mwanawe mke wa pili.

Angeweza kuuliza. Lakini Khairat alikuwa mtu wa haya, na neno zito lilipomfika kooni aliligeuza kikohozi. Badala ya kuuliza, akaanza kupeleleza. Aliona kwamba Bi Zuweina, aliyekuwa akivisifu mbele ya majirani vibibi alivyopika mkwewe, vile vikate vitamu vya nazi, sasa alivisukuma pembeni. Akaona kwamba alikuwa amepungua, kwamba alikunywa maji kila mara na kutokatoka kwenda uani. "Dhamira inamsuta," Khairat akajiambia. Na Bi Zuweina alipomwambia, "Chukua nguo zako zote, usibakishe hata kanga moja," Khairat aliacha kukunja nguo.

"Zote, mama? Kwani tunarudi lini?"

"Hayo tutayajua huko huko."

Mtu anayekwenda kutembea hukusanya nguo zote? Au ndivyo anavyofanywa mtu anayeondoshwa nyumbani bila ya kuambiwa toka?

Siku ya safari, Bi Zuweina alipokwenda kutawadha, Khairat aliingia chumbani kuchukua sanduku kubwa walilochanganya vitu vyao. Mkoba mweusi wa mkononi ulikuwa kitandani, mdomo wazi, na ndani yake kopo la tausi, limefungwa kitambaa na kuzungushiwa plasta. Alilishika. Lilikuwa zito, na baridi ya kushangaza. "Dhahabu ina ubaridi wake," alijisemea, ingawa moyoni alijua kwamba hajapata kushika dhahabu iliyo baridi namna ile.

Hakulifungua. Kufungua ni wizi. Alilichukua tu, akalididimiza chini kabisa ya sanduku kubwa, na mahali pake mkobani akatia kifurushi cha pweza mkavu, aliyefungiwa magazeti na mifuko juu ya mifuko, zawadi ya kumpelekea Jawad. Ukubwa ule ule, uzito ule ule. Maisa atasubiri uwanjani mpaka achoke. Sanduku kubwa litakwenda moja kwa moja Muscat, na huko Khairat atamuuliza mumewe ana kwa ana. Basi. Siibi, nahamisha, alijiambia. Akalifunga sanduku.

Uwanjani Pemba, kijana wa mizani aliyeitwa Silima alilitazama sanduku lao, akaitazama mizani, akapiga mluzi.

"Bi Zuweina, ndege yenyewe leo ndogo, na imejaa. Si punda wa Chokocho, ukamtwika gunia juu ya gunia."

"Wee Silima, kwani mimi nimekuja na gunia?"

"Hujaja na gunia, bi mkubwa, umekuja na nyumba!" Watu wa nyuma wakacheka. "Sikilizeni. Sanduku hili litafuata na ndege ya jioni. Nyinyi safari yenu ya Muscat ni ya usiku, mtalipata kabla hamjaondoka. Lakini mkononi mtu abaki na kile asichoweza kukaa siku nzima bila yake. Pasi zipo? Simu? Nguo ya kubadilisha? Na dawa! Kama mna dawa humu ndani zitoeni sasa hivi, maana likishabaki limebaki."

Bi Zuweina aliupigapiga mkoba wake mweusi kama mtu anayembembeleza mtoto. "Changu ninacho hapa," alisema.

Silima akamgeukia Khairat. "Na wewe, dada? Hakuna cha kutoa?"

Neno lilimpanda Khairat mpaka kwenye meno. Akakohoa. "Hakuna," alisema, na sanduku likasukumwa kwenye kona.

Ndani ya ndege Bi Zuweina alipakata mkoba njia nzima. Khairat aligeuza uso dirishani asimwone.

Walipofika Unguja, Maisa alikuwa hajafika, na simu yake ilikuwa haipokelewi. Bi Zuweina alichukua mkoba akaenda nao chooni. Alirudi uso umesawijika kama aliyekutana na jini mlangoni.

"Umekosa nini, mama?"

"Sikukosa kitu." Aliketi polepole. Kisha akamkazia Khairat macho. "Mkoba wangu nani kaushika?"

"Sijui, mama."

Bi Zuweina hakuyaondoa macho upesi. Khairat akafahamu kwamba shaka sasa ilikuwa na wenyewe wawili. Mmoja hakuweza kuuliza bila ya kutaja kilichokuwemo ndani ya kopo. Wa pili hakuweza kujibu bila ya kusema kwa nini alilihamisha. Wakakaa benchi moja kama watu wasiojuana.

Jua lilipopanda, Bi Zuweina alianza kuramba midomo. Khairat, dhamira ikimwuma, alikwenda kununua juisi ya miwa iliyojaa barafu. "Kunywa, mama, upoe roho."

Bi Zuweina aliitazama gilasi kwa muda. Angesema "siiwezi" angeulizwa "kwa nini". Mtu anayeficha hulazimika hata kunywa anachojua kitamdhuru. Alikunywa yote, akashukuru. Na Khairat, alipomwona bado ana kiu, akamletea gilasi ya pili.

Kufika alasiri, mambo yalikuwa yamegeuka. Bi Zuweina alitapika kwenye leso yake. Pumzi zilimwenda mbio, macho yakawa mazito, na Khairat alipomshika bega alimtazama kama anayemtazama mtu wa mbali. "Asya," alimwita, "umekuja kunichukua?" Asya alikuwa dada yake, na alikuwa kaburini zamani.

Hapo haya yote ya Khairat ilimtoka. Binti ambaye hakuwahi kupaza sauti hata kuita kuku aliangua kilio kilichogeuza vichwa vya uwanja mzima. "Jamani, mama yangu! Nisaidieni, mama yangu huyo anakwenda!"

Kilio hicho ndicho kilichomwonyesha Maisa pa kukimbilia. Alikuwa ndio kwanza ateremke kwenye gari, bado yumo ndani ya sare nyeupe ya uuguzi ya zamu iliyomchelewesha, na mkononi ameshika kisanduku cha barafu. Alipiga magoti, akaupandisha mkono wa baibui la shangazi yake mpaka juu ya kiwiko.

Bangili zote za dhahabu zilikuwa zimepangana pale pale, mkononi mwa mwenyewe.

Khairat alizitazama. Ulimwengu ulimzunguka. Kama dhahabu ilikuwa hapa, basi kwenye kopo mlikuwa na nini?

"Kopo liko wapi?" Maisa aliuliza huku akimchoma shangazi yake kidoleni kumpima damu. "Khairat! Kopo la insulini! Shangazi ana sukari, wewe. Sindano zake zimo mle!"

"Lipo Pemba," Khairat alisema kwa sauti isiyosikika. "Nimelitoa mimi."

Maisa alimtazama mara moja, mtazamo ambao Khairat hatausahau, kisha akakifungua kisanduku cha barafu. Ndani yake mlikuwa na dawa aliyoileta ya kumtosha shangazi yake kwa siku za Muscat. Alimdunga pale pale, wakampakia garini wakampeleka hospitali. Ndege ya Muscat iliruka bila yao. Khairat aliisikia ikipita juu ya paa la wodi, na hakunyanyua hata kichwa. Alikuwa akihesabu pumzi za mama mkwe wake, na kila moja akiiombea ifuatwe na nyingine.

Asubuhi Bi Zuweina alifumbua macho, akaomba maji, na akamjua kila mtu kwa jina lake. Maisa aliingia akiburura sanduku lililotoka Pemba. Alilifungua, akalitoa kopo la tausi, na ndani yake sindano na vichupa viwili vilivyoviringwa kwa kitambaa ambacho kilikuwa bado kibichi, katikati ya vifuko vya barafu iliyokwisha yeyuka. Kisha akautia mkono kwenye mkoba mweusi, akanusa vidole.

"Subhanallah! Dawa sandukuni, pweza mkononi! Jamani, Wapemba, nani kawafundisha kusafiri?"

Bi Zuweina alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. "Nilitaka kukuambia, Khairat. Mara ngapi! Unakumbuka Jawad alipokuita ukaishi naye, ukamjibu, 'Mama nitamwacha na nani?' Nikajua siku ukisikia mimi mgonjwa hutakwenda milele. Nikajidunga mlango umekomewa. Nilikuwa nakupeleka kwa mumeo, mwanangu, ukakae. Nikuvike bangili hizi kwa mkono wangu, safari hii zisirudi koponi, kisha mimi nirejee peke yangu."

Khairat aliinama mpaka paji la uso likagusa godoro. Neno lilimpanda kooni, na safari hii hakukohoa.

"Mimi nilidhani unakwenda kumposea Jawad. Nilidhani dhahabu ni ya Maisa."

Maisa aliangua kicheko mpaka muuguzi mwenziwe akachungulia mlangoni. "Mimi! Kwa Jawad! Jawad aliyenifukuza na chura utoto mzima? Bora niolewe na chura mwenyewe."

"Nisamehe, mama," alisema Khairat.

"Na wewe unisamehe. Mimi nilificha maradhi ya mwili, wewe ukaficha ya moyo. Yangu yalinilaza mimi, na yako nusura yanizike." Alizivua bangili mojamoja akazipitisha kwenye mkono wa Khairat, na Khairat akaziacha zilie. Lakini alipomaliza, Khairat alichukua simu, akapiga Muscat, akamwekea mama mkwe wake sikioni.

"Mwambie, mama. Siendi popote mpaka umwambie."

Bi Zuweina alimtazama Maisa, akamtazama Khairat, akaona hapana mlango wa kukomea. Akavuta pumzi.

"Jawad, mwanangu," alisema kwa sauti iliyosikika wodi nzima, "mama yako ana sukari. Nimekuficha siku nyingi, na jana mkeo alinililia mbele ya watu. Kweli waliyosema wazee: mficha maradhi, kilio humuumbua."