Bi Nyamizi na Vyumba Viwili

Nyumba ya wageni ilibakiwa na vyumba viwili tu. Bi Nyamizi, mwuza asali, alikuwa ameshatandika kitanda katika kimoja, tajiri Lutego alipoingia na kumwamuru ahame.

"Sawa, baba," Bi Nyamizi alisema. "Ila nilikolala jana kunguni walijaa, na nguo zangu nimezikung'utia kitandani hapo."

Lutego akarudi nyuma. "Na chumba cha pili?"

"Kile sijatia mguu."

Lutego akachukua ufunguo wa chumba cha pili, akaenda kulala.

Asubuhi alitoka akijikuna mwili mzima. "Mama, si ulisema kule hukuingia?"

"Sikuingia, baba. Nilichungulia mlangoni, nikawaona kunguni wanatembea ukutani, nikaja kulala huku kusiko na hata mmoja."