Chiriku Mweupe Aliyefiwa

Wapendwa, leo nataka niwapeleke nyumbani kwa bwana mmoja mfuga ndege. Tuingie polepole, maana ndege wake ni wadogo na huogopa upesi.

Bwana huyu alikaa katika mji wa milimani, wenye baridi asubuhi. Alifuga chiriku wa kutoka ng'ambo, wale wadogo ambao mmoja anajaa kiganjani tu. Kwa asili chiriku hao ni wa kijivu, na hawamsumbui mfugaji. Dume ana mashavu ya rangi ya chungwa na mistari kifuani, jike hana. Unamtazama tu unamjua. Lakini wa bwana huyu walikuwa weupe, wa kizazi kilichobadilika rangi. Mashavu meupe, kifua cheupe, alama zote zimefutika. Kilichobaki cha kusoma ni mdomo. Wafugaji wa mji ule walikuwa wakisema hivi: mdomo wa jike mweupe ukiwa umepauka, mwache, ukikolea wekundu, mwekee kiota, yuko tayari.

Mnaiona shida yake? Ndege mzima yuko mbele yako, na mahali pa kumsoma ni padogo kuliko punje ya mtama.

Basi walipokuwa wamebaki wawili tu, asubuhi moja dume alikutwa kwenye sakafu ya tundu, amekufa. Jike alikuwa juu ya kijiti, amejibana pembeni. Alikuwa akiita, ananyamaza kidogo kama anayesikiliza, kisha anaita tena.

Bwana yule akaingiwa na hofu. Hakumhofia jike, aliihofia rangi. Marehemu mama yake ndiye aliyeanza kuwafuga wale weupe, na sasa amebaki huyu mmoja. Akizeeka bila watoto, weupe ule umekwisha katika nyumba yao. Akawa halali vizuri.

Wafugaji wa kule wana desturi ya kuazimana madume. Akaenda kwa mwenzake, akaazimwa dume mweupe, kijana, mwimbaji hodari. Sharti lilikuwa moja: arudishwe kabla ya Pasaka, kwa sababu mwenye dume naye alikuwa na jike wake anayengoja.

Sharti hilo likamharakisha. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alimshika jike, akampeleka dirishani, akautazama mdomo. Umepauka. Kesho yake tena, umepauka. Akaanza kumlisha. Karoti ya kukuna, kiini cha yai la kuchemsha, pilipili hoho nyekundu iliyopondwa. Mkewe akalalamika kwamba karoti za supu zote zinakwenda kwa ndege, na kwamba yeye tangu aolewe hajawahi kukuniwa karoti na mtu.

Siku zikaenda. Mdomo ukaanza kukolea, ukakolea kweli. Akamwita mkewe.

"Mama watoto, njoo uone. Yuko tayari."

Mkewe akainama kutazama. Dume alikuwa akiimba, anarukaruka na unyasi mdomoni. Jike kila akikaribiwa anasogea kando.

"Mbona anamkimbia?"

"Anaringa tu. Ninyi wote huanza hivyo."

"Mimi sikuringa," mkewe akasema. "Nilikuwa naogopa. Hukuuliza."

Mume akacheka, akaenda kuweka kiota. Kwani si mdomo umeshasema? Na kweli, wapendwa, mwili ulioshiba vile, na dume asiyechoka, yai likaja. Lakini yule ndege alikuwa amekonda kwa huzuni kabla ya kunoneshwa, na mle ndani hamkuwa na nguvu ya kulitoa. Likamkwama.

Mwenzake alipofika mchana mmoja kumchukua dume wake, alimkuta bwana yule amekaa karibu na jiko, jike kiganjani, amefunikwa kitambaa. Manyoya yalikuwa yamevimba, macho nusu yamefumba. Bwana alikuwa amempaka mafuta, amempasha joto, na ameomba. Msidhani hakuomba. Alimwomba Mungu kama mnavyomwomba ninyi mtoto akiwa na homa.

Mwenzake akachuchumaa, akatazama, akamwuliza ilikuwaje akamwekea kiota ndege aliyefiwa juzi.

"Mdomo ulikuwa umekolea."

"Ulikolea lini?"

"Nilipoanza kumpa karoti."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Hakuna aliyemkaripia. Mkewe tu ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo, "Basi hiyo rangi ilikuwa ya karoti."

Naye jike akafa palepale mkononi mwake. Weupe ule ukaishia hapo.

Wapendwa, tusimcheke. Yeye hakumtesa ndege kwa ukatili. Alikuwa na hofu, na hofu ikataka jibu, naye akalitia jibu ndani ya ndege kwa mkono wake, kisha akalisoma kama habari mpya.

Na sisi?

Mwanamke amefiwa na mumewe. Tunakwenda, na ni vema twende. Tunabeba maji, tunabeba viti. Lakini hatujamaliza hata kunywa uji tunaanza kumlisha. Jikaze. Usilie hivyo, watoto wanakutazama. Sema, Bwana asifiwe. Sema tena. Tunamlisha leo, tunamlisha kesho. Halafu Jumapili moja anasimama hapa mbele, anasema, "Bwana asifiwe, namshukuru Mungu, niko salama." Tunapiga makofi. Tukitoka nje tunaambiana, yule sasa yuko tayari. Arudi kwenye zamu ya jikoni. Nguo za marehemu zigawanywe. Shemeji zake waje wazungumze habari ya shamba.

Nawauliza, yale maneno aliyoyasema ni ya nani? Nani aliyemlisha?

Hata mimi nilipofiwa mlikuja kwangu, nami sitasahau. Lakini wapo walioniuliza, "Mchungaji, umeshakaa sawa?" huku wanatikisa kichwa kuniitikia kabla sijafungua kinywa. Ningewajibu nini? Niliwapa walichokuwa wamenipa.

Kwa nini tunafanya hivi? Kwa sababu huzuni ya mwenzetu inatutia hofu. Tunataka iishe ili sisi tupumue. Tunaita ni kufariji, kumbe tunajitafutia usingizi wetu wenyewe. Na mtu anayeharakishwa hivyo huweza kusimama, huweza kucheka, huweza hata kuimba sauti ya kwanza, na ndani kitu kimemkwama, naye anaisha polepole katikati ya makofi yetu.

Mungu hakudanganyika na rangi ile. Alijua ni ya karoti tangu siku ya kwanza. Wala hana Pasaka anayoiwahi hata akuharakishe wewe uliyefiwa.

Kwa hiyo ukienda wiki hii kwa mwenye msiba, usimpe neno la kusema. Mwulize jina la marehemu wake, kisha nyamaza. Akikuambia "bado," amini. Usilisahihishe hilo neno. Ni lake.

Sasa tusimame tuombe. Ambaye leo hawezi kusimama, abaki ameketi. Tutamngoja.