Nyuma ya Noah ya Anyisile

Mfuko wenye upepo hauingii springini. Mliusikia msemo huu jana msibani, bibi mmoja akimwambia mgeni aliyeanza kuwapanga wapishi kabla hata hajauliza maji yanatekwa wapi. Mlicheka, na leo mnataka kujua umetoka wapi. Haukutoka mbali, wanangu. Ulizaliwa hapa hapa Tukuyu, chini ya tumbo la Noah kuukuu, na ulikuwa hivi.

Gari lile lilikuwa la Anyisile. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, na kila siku ya kliniki alilazwa nyuma juu ya godoro, kiti chake cha magurudumu kando yake. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka. Kwenye kila tuta gari lilikaa kitako, chuma kikagonga chuma, na bibi wa watu akapiga yowe. Mwishowe akasema hapandi tena, na akisema neno hilo huwa halirudi. Daktari naye alikwisha kuonya kwamba akiacha mazoezi ya kliniki hatasimama tena.

Anyisile akaagiza kutoka Dar es Salaam mifuko ya upepo, ile ya mpira inayokaa ndani ya springi na kuisaidia kubeba. Ilipofika, akambembeleza mama yake ajaribu mara moja tu, kliniki ya kesho yake, kisha akampelekea Gwakisa gari.

Gwakisa alikuwa amefungua gereji yake karibuni, baada ya kufundishwa kazi na Mzee Ipyana. Aliipenda sana kazi hii, na aliiogopa pia. Akainua gari mpaka magurudumu yakaning'inia, akafungua shokapu, akatoa mpira wa zamani uliokuwa ndani ya springi. Halafu akafanya kama fundi yeyote aliyekulia kwenye kuziba pancha: akaujaza mfuko upepo, akauzamisha kwenye beseni la maji kuangalia mapovu. Hakuona hata moja. Akaufunga kifuniko chake asije akaingiza vumbi, upepo ukabaki ndani, akaanza kuusukuma katikati ya pingili za springi.

Haukuingia. Akaupaka sabuni, haukuingia. Watu wakajaa, na nyinyi mnawajua watu wa mjini hapa, hakuna asiyekuwa fundi wa kazi ya mwenzake. Mmoja alitaka springi ikatwe. Dereva mmoja wa bodaboda alimpokonya Gwakisa kabisa taimani aliyoishika, chuma cha kutolea matairi, akabinya mpira kwa nguvu hadi Gwakisa akahisi utapasuka, na pamoja nao kliniki ya kesho.

Hapo akatokea Mzee Ipyana. Watu wakampisha. Gwakisa aliinamisha kichwa, maana alijua kitakachofuata: mwalimu atachukua kazi, na mji mzima utasema yule kijana bado.

Mzee akavua koti, akachutama kwenye matope.

"Fundi," alimwambia, "nikushikie wapi?"

Alimwita fundi, mbele ya watu wote. Gwakisa akainua kichwa.

"Nishikie springi hapa, baba."

Mzee akashika. Kisha akaugusa mfuko kwa kidole.

"Huu umeupima majini?"

"Nimeupima."

"Unavuja?"

"Hauvuji, baba."

"Basi kazi ya upepo imekwisha kwa sasa," alisema mzee, akaendelea kushika.

Gwakisa akautazama mfuko ulivyotuna, akakitazama kifuniko. Akakifungua mwenyewe. Mfuko ukatoa pumzi, ukanywea, akaukunja kama chapati na kuupenyeza ndani. Wa pili ukafuata. Akaupa kila mmoja bomba lake, ili kwenye kona upepo usikimbilie upande wa pili, ndipo akaijaza. Nyuma ya gari ikanyanyuka polepole, na watu wakapiga makofi.

Kesho yake Anyisile na mama yake wakaondoka, bibi amekunja uso na kushika godoro kwa mikono miwili. Walipokwenda kidogo akauliza, "Lile tuta la sokoni bado?"

"Tumeshalipita, mama."

Bibi akaachia godoro. Na kliniki hakuikosa tena, mpaka akaja kutembea kwa miguu yake.

Yule wa bodaboda ndiye hakutosheka. Alimfuata Mzee Ipyana, akamuuliza kwa nini hakuichukua kazi ile, ilhali yeye ndiye mwalimu na angeimaliza mara moja.

"Kazi ilikuwa na mwenyewe," mzee alimjibu. "Mimi nilikwenda kusaidia kubeba. Ningeingia na ukubwa wangu, Gwakisa angekaa wapi? Wewe uliuona kwa macho yako, bwana. Mfuko wenye upepo hauingii springini."