Kigelegele cha Kokubanza

"Kigelegele hakichagui sikio." Ndivyo nilivyomwambia dada yenu Kemilembe asubuhi hii, alipotaka kuitia kwenye simu picha ya kaka yake aliyevaa magwanda, na chini yake aandike kwamba jana alipelekwa mpakani, tena na jina la mahali alitaje. Akanuna. Nanyi mnaomenya ndizi mkacheka, mkaniuliza kigelegele kimeingiaje kwenye simu. Haya, menyeni. Mikono yenu ikisimama na mdomo wangu utasimama. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Zamani ilikuwapo nchi ndogo iliyoitwa Burenga. Juu ilikuwa na vilima vya migomba, chini ilikuwa na mto Kanyabisha, na ng'ambo ya mto walikaa watu wasiotupenda. Walilitamani bonde la Rwashe, malisho yetu ya kiangazi, na mara kwa mara walivuka kutuibia ng'ombe. Kwa hiyo kila nyumba yenye kijana ilimtoa akalinde kivuko.

Kulikuwa na desturi. Siku kijana anapoondoka, mama yake hung'oa figa moja jikoni akaliweka nje, kando ya mlango. Halirudi jikoni mpaka mtoto arudi. Siku zote hizo mama hupika kwa mafiga mawili na kipande cha mgomba mbichi, chungu kikiyumba, na roho yake ikiyumba vilevile. Mpita njia akiona figa nje, hushusha sauti.

Sasa, Kokubanza alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Katabaro, na figa lake lilikuwa nje. Siku moja alipeleka ndizi ikulu kwa zamu yake, akachungulia jikoni kwa Mukama, mfalme wao. Akaona chungu kikubwa kimetulia juu ya mafiga matatu. Na Mukama alikuwa na kijana, Kabyemera, umri sawa na Katabaro!

Kokubanza hakuwa mtu wa kumeza neno. Aliporudi alisema kisimani, mbele ya wenzake, "Vyungu vyetu vinayumba, cha ikulu kimetulia tuli."

Neno hilo lilienea kama moto wa nyasi. Vilabuni watu waligawanyika. Wengine walisema mtoto wa mfalme naye aende, kwani damu yake ni ya rangi gani? Wengine wakasema hapana, huyo ndiye mrithi, akifa tutamzika yeye na nchi. Na walikuwapo wazee wachache waliosema jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia, kwamba pale atakaposimama mwana wa Mukama ndipo mishale yote itakapoelekea, na watoto wetu watakuwa kando yake. Lakini wimbo ndio ulioshinda. Wanawake waliimba mashambani, "Wetu wanalowa mtoni, wake anaota moto jikoni."

Mukama akamwita Kokubanza. Alikwenda, akapiga magoti uani.

"Ni wewe uliyesema habari za chungu changu?"

"Ni mimi, Waitu, bwana wangu."

Alidhani atafukuzwa nchini. Lakini alitoka mke mkuu, Mama Kabyemera, akaenda jikoni kwake, akang'oa figa moja kwa mikono yake mwenyewe. Hakulitoa nje. Alilifunika kwa kapu kubwa, ndani ya nyumba.

"Mwanangu anaondoka leo," Mukama alisema. "Mwenyewe amenisumbua tangu masika. Atavaa ngozi ya mbuzi kama wenzake, na atalala na Katabaro wako. Hakuna atakayejua ila sisi, jemadari wa kivuko, na vijana walio naye. Wa ng'ambo wakijua yuko pale, hawatakuja tena kuiba ng'ombe. Watakuja wote. Na wa kwanza kufa watakuwa walio karibu naye. Mdomo wako ndio uliolifungua jambo hili, mama. Sasa ulifunge."

Fikirini mzigo huo. Watoto wa Mukama hawakuonwa sura hovyo, wakitoka walifunikwa nguo za magome, kwa hiyo siri ilishika. Lakini wimbo haukuisha. Kokubanza aliusikia kisimani, aliusikia shambani, na jirani yake Nyakato alikuja kuuimba mlangoni kwake ili kumfurahisha, maana si yeye aliyeuanzisha? Alicheka kwa meno tu. Alianza kuogopa kuzungumza na watu. Aliogopa hata kulala mchana, asije akaropoka ndotoni.

Ikafika zamu ya Katabaro kupanda kijijini kuchukua chakula cha walinzi. Walipanda wawili. Mwenzake alikuwa kijana mwembamba, mguu umefungwa jani juu ya kidonda, na Kokubanza alimjua kabla hajaambiwa. Aliwapakulia. Chungu kilipoanza kuinama, yule kijana alishika jani la mgomba, akapiga magoti jikoni pale, akakishikilia mpaka mama akamaliza kupakua.

"Pole, mama," alisema. "Hata kwetu siku hizi kinayumba."

Mwana wa Mukama, magoti kwenye majivu ya mjane!

Aliwasindikiza mpaka njiani, kila mmoja na mkungu wa ndizi kichwani. Wanawake waliokuwa wanapalilia walipoona walinzi wakaanza wimbo wao, "Wetu wanalowa mtoni, wake anaota moto jikoni." Na Kabyemera akaitikia! Aliitikia kwa sauti, akicheka, huku anachechemea na mkungu umemlemea shingo.

Hapo Kokubanza alishindwa. Hakukusudia, wajukuu zangu, moyo ulijaa ukamwagika. Na Burenga kigelegele cha watu wa ikulu kilikuwa cha peke yake, kinapanda kirefu halafu kinakatika mara tatu, na hakikupigiwa mtu mwingine yeyote. Hicho ndicho kilichomtoka.

Wimbo ulikatika. Wanawake walimtazama Kokubanza, wakamtazama yule kijana mwenye kidonda. Nyakato alitupa jembe akaanguka magoti. "Ndiye! Jamani, ndiye! Analowa na wetu!" Akapiga naye. Shamba zima likapiga, shamba la pili likapokea, na kilima baada ya kilima kikaitikia. Wale waliomkejeli walikuwa wanalia kwa furaha. Sauti hiyo ilishuka na mteremko mpaka mtoni, na mto Kanyabisha si mpana.

Kabyemera uso ulimpauka. Katabaro alishusha mkungu wake chini polepole.

"Mama," alisema, "umefanya nini?"

Walishuka mbio. Kokubanza alibaki njiani, kiganja mdomoni, amechelewa.

Asubuhi yake, ukungu ukiwa bado mtoni, wa ng'ambo walivuka. Walivuka wote, kama Mukama alivyosema. Waliwazingira walinzi kwenye matete, na mkubwa wao akaita, "Hatuna haja na wengine. Mwana wa Mukama ni yupi?" Hawakuijua sura yake, sauti ndiyo iliyowafikia. Kabyemera alifungua mdomo ajibu, lakini jemadari alimkandamiza uso kwenye matope. Katabaro akasimama.

"Ni mimi. Waacheni wenzangu."

Wakamchukua.

Mjumbe wao alikuja na neno fupi. Mukama atoe bonde la Rwashe, arudishiwe mwanawe. Mwezi ukiandama kabla hajalitoa, ataletewa kichwa.

Sasa sikilizeni ugumu wake. Siku wa ng'ambo watakapojua kwamba waliyemkamata ni mtoto wa mjane, hawatakuwa na sababu ya kumlisha. Kwa hiyo nchi nzima, nchi ile ile iliyoshindwa kunyamaza, ililazimika kunyamaza. Jemadari alimjia Kokubanza na kumwambia alirudishe figa jikoni. Kwa macho ya wa ng'ambo, mwanawe alikuwa amerudi nyumbani, na kijana aliyekaa humo akichechemea, akikata kuni, alikuwa Kabyemera. Na ikulu walilitoa figa lao kwenye kapu, wakaliweka langoni, wazi kabisa. Mama Kabyemera alilia kwa sauti kutwa nzima, akimlilia mtoto asiye wake. Kokubanza hakuruhusiwa kulia hata kidogo. Kilio chake kingevuka mto kama kigelegele kilivyovuka.

Alipika kwa mafiga matatu. Chungu kilitulia tuli. Alisema baadaye kwamba hakuna kitu kilichomuumiza kama utulivu wa chungu kile. Nyakato alikuja kila siku, akakaa, akamenya ndizi pamoja naye, hakutamka neno. Na Kabyemera alikula kidogo, akitazama chini.

"Baba hajaamua, mama," alisema siku moja. "Wazee wanamvuta."

"Wanasema nini?"

Alichukua shoka akatoka kukata kuni. Kokubanza hakurudia kuuliza, kwa sababu alijua. Kwa mwana wa Mukama, bonde lingetolewa bila maneno. Kwa mwana wa mjane?

Siku wazee walipoketi uani ikulu, Kokubanza alikuwapo, amebeba ndizi zake za zamu kama kawaida. Alipiga magoti pembeni pamoja na wanawake wengine, macho kwenye mikeka. Mkubwa wa wazee, Rugumira, alikuwa mtu mwema, msimchukie. Alikuwa na ng'ombe wa watu kichwani.

"Waitu," alisema, "bila Rwashe ng'ombe wetu watakufa kiangazi. Mwanao yuko salama. Aliyeko kule ni kijana shujaa, tutamlilia, lakini hatuwezi kuiuza nchi kwa mtu ambaye si mwana wa Mukama."

Watu waliguna, wengine kwa kukubali. Kokubanza alishika nyasi za uani kwa vidole, akajizuia. Mukama akamgeukia mkewe.

"Figa letu liko wapi?"

"Liko langoni, nje."

"Litarudi jikoni lini?"

"Mtoto akirudi, Waitu. Ndiyo desturi."

"Basi mtoto ni yule aliyeko ng'ambo," alisema Mukama. "Rugumira, watu walitaka figa langu litoke. Nimelitoa. Sitalirudisha kwa hila. Peleka neno, bonde ni lao."

Rugumira aliinama. Hakuna aliyeshangilia.

Siku ya kurudishwa Katabaro, watu wa pande zote mbili walijaa kingo za mto. Hata hapo mambo hayakuwa yamekwisha, maana wa ng'ambo walisimama na mikuki yao wakiangalia. Katabaro alivuka maji, amekonda, nywele zimemjaa. Mama yake alikuwa mbele ya macho yake, katikati ya wanawake. Alimpita. Ilibidi ampite. Alikwenda moja kwa moja kwa Mukama, na Mama Kabyemera akamkumbatia mbele ya wote, akalia, na nadhani hakuwa anaigiza tena. Kilima chote kilipiga kigelegele cha ikulu kwa mtoto wa mjane. Kokubanza peke yake alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, akakaza mpaka meno yakamchana mdomo.

Jioni Katabaro alipenya migombani mpaka mlango wa nyuma wa nyumba yao. Mama yake alimwona, akatafuta neno, akapata moja tu.

"Umekula?"

Kisha wakalia wote wawili, uso wa mmoja begani kwa mwenzake, bila sauti.

Mnataka kujua kama watu waliridhika? Binadamu gani huyo anayeridhika? Kiangazi kilichofuata ng'ombe walikufa wengi. Wapo walioingia kaburini wakisema Mukama alikuwa mjinga, wapo waliosema hawajapata kuwa na mfalme wa kweli kabla ya yule, na wapo waliosema mtoto wake asingekwenda kabisa yote yasingetokea. Katika hao wa mwisho walikuwamo waliouimba ule wimbo kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nawajua watu wa namna hiyo, wengine ni majirani zangu.

Miaka ikapita, Katabaro akaoa, na Kabyemera, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Mukama, alikuja harusini. Bibi harusi alipoingia uani wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kokubanza alicheza, akapiga makofi, machozi ya furaha yakimtiririka, lakini mdomo ameufunga. Msichana mmoja asiyejua mambo akamuuliza, "Bibi, mwanao mwenyewe anaoa, mbona hupigi kigelegele?"

Akamwambia, "Mwanangu, kigelegele hakichagui sikio."

Kemilembe, nakuona umeifunika simu chini ya maganda. Sikukukataza kumpenda kaka yako. Mimi mwenyewe ninavyojivuna naye, kifua kinaniuma. Na hilo jiwe mlilojikwaa mlangoni tangu jana, mkanilaumu kwamba bibi amezeeka anaacha mawe njiani, nendeni jikoni mkatazame chungu changu kimesimama juu ya nini. Mtu asiliguse. Na mtu asiende kulisema barabarani, kwa sababu kigelegele hakichagui sikio.